Barabara Inamsemesha Nani?

Mtu akistaafu huku kwetu Buseresere, watu humtazamia afanye moja kati ya mambo matatu: afuge ng'ombe, agombee uenyekiti wa kijiji, au afungue duka la madaftari mbele ya shule. La kwanza nililijaribu nikashindwa, la pili sikulitamani, na la tatu nilimwachia mke wangu, ambaye analiendesha vizuri kuliko ambavyo ningeliendesha mimi. Badala yake nimejikuta na mazoea ambayo wanangu wanayaona kuwa ni ya uzee. Hupanda basi bila kuwa na shughuli maalumu huko ninakokwenda, nikaomba kiti cha mbele upande wa kushoto, nikafungua daftari, na kila kibao cha barabarani tunachokipita nikakiandika: mahali kilipo, umbo lake, rangi yake, na maneno yake kama yapo. Makonda wa njia ya Geita wamekwisha kunizoea. Hapo mwanzo walidhani ni mtu wa serikali niliyetumwa kuwachunguza.

Ndugu msomaji, kabla hujacheka naomba unisikilize. Kwa miaka zaidi ya thelathini nilikuwa mwalimu wa walimu, na katika miaka ya mwisho nilikuwa mkuu wa chuo. Somo langu lilikuwa Kiswahili. Wanachuo waliopita mikononi mwangu wanakumbuka kuwa sikumruhusu mtu kuisifu wala kuiponda kazi yoyote ya fasihi kabla hajajibu maswali manne: nani ametunga, anamwambia nani, anasema nini, na anasemaje. Niliyafundisha maswali hayo kwa ajili ya riwaya, tamthilia na mashairi. Sikufikiri hata siku moja kwamba ningekuja kuyatumia kwa mabati yaliyofungwa juu ya nguzo. Lakini barabara nayo ni maandishi. Imetungwa, ina msomaji, ina ujumbe, na ina lugha yake. Tena huku kwetu inasomwa na watu wengi kuliko kitabu chochote, na mtu akiisoma vibaya hapewi sifuri, huenda akazikwa.

Kwa hiyo insha hii ni uhakiki, ingawa ndani yake imo safari. Safari yenyewe niliifanya baada ya daraja la Kigongo na Busisi kufunguliwa mwezi Juni 2025, kutoka Buseresere hadi Mwanza na kurudi, siku mbili. Nilifuatana na mjukuu wangu wa darasa la sita. Kazi yake ilikuwa kuhesabu na kupanga vibao katika mafungu. Yangu ilikuwa kusoma na kufikiri. Tuligawana hivyo kwa sababu macho yake ni mapya na yangu yamechoka.

Njia tuliyopita ni sehemu ya barabara kuu inayojulikana kwa wahandisi kama T4. Inaanzia Sirari, mpakani na Kenya, inapita Musoma, Mwanza, Geita, Biharamulo na Bukoba, hadi Mutukula mpakani na Uganda. Ukiitazama katika ramani utaona kuwa inalizunguka Ziwa Viktoria upande wetu kama mkono uliopita chini ya kapu. Herufi T humaanisha barabara kuu, na herufi R humaanisha barabara ya mkoa. Hizo zote mbili zimekuwa chini ya TANROADS tangu mwaka 2000, na zile ndogo za mijini na vijijini zimekuwa chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Nayaeleza haya kwa sababu swali la kwanza la uhakiki ni mtunzi, na wasafiri wengi hawajui kuwa barabara wanayoipita ina jina na ina mwenyewe.

Tulianzia nyumbani, na nyumbani kwenyewe ni somo la kwanza. Mgeni anayetoka Geita hawezi kutambua kwa macho mahali Katoro inapokwisha na Buseresere inapoanza. Maduka yamefuatana, magari madogo yanayoitwa michomoko yanapakia pande zote mbili, na vijana wa bodaboda hawajui mpaka wowote. Hata hivyo mpaka upo, tena ulikuwa mkubwa. Kwa miaka mingi Katoro ilikuwa katika Wilaya ya Geita, Mkoa wa Mwanza, na Buseresere ilikuwa katika Wilaya ya Biharamulo. Mkoa wetu uliitwa Ziwa Magharibi hadi mwaka 1979, ulipoitwa Kagera. Mwaka 2005 tukatolewa Biharamulo tukawa Wilaya ya Chato. Mwaka 2012 ulipoanzishwa Mkoa wa Geita, Chato ikaingizwa humo, na hapo ndipo Katoro na Buseresere zikawa za mkoa mmoja. Mzee aliyezaliwa hapa zamani na asihame hata hatua moja amekwisha kukaa katika mikoa mitatu na wilaya mbili. Vibao vimemhama yeye.

Jina halikuhama, na hilo ni faraja. Tazama majina ya upande huu wa ziwa: Busisi, Buseresere, Buzirayombo, na mbele zaidi Bukoba. Ile Bu- ya mwanzo tunaifahamu watu wa lugha za huku. Msukuma akiongea Kisukuma husema Busukuma, na akiongea Kiswahili husema Usukuma. Kwa hiyo anayesoma majina haya katika vibao vya njia anasoma lugha za wenyeji bila kujua, hata kama ni dereva wa lori aliyetoka Dar es Salaam jana.

Sasa niingie katika fani. Nitaanza kwa kusifu, kwa maana mhakiki asiyeona zuri lolote huwa hajasoma vizuri. Lugha ya vibao vya barabarani ni kazi nzuri sana ya utunzi. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inaonya. Duara linaamuru au linakataza. Mstatili unaeleza. Umbo lenye pembe nane limetengwa kwa ajili ya amri ya kusimama peke yake, ili mtu alitambue hata likiwa limechafuka matope au akiliona kwa nyuma. Hii ni sarufi kamili, na haihitaji mtu kujua kusoma. Mama yangu mzazi, ambaye hakuwahi kuingia darasani, angeweza kufundishwa sarufi hiyo asubuhi moja akaimudu.

Na sababu ya kuitunga hivyo ni nzuri pia. Hebu tufanye hesabu kidogo. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa hula zaidi ya mita 22 kila sekunde. Likipunguza hadi kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa mwisho unaoruhusiwa na sheria yetu ndani ya makazi, bado linakula karibu mita 14 kwa sekunde. Dereva wa kilomita 80 kwa saa akikitazama kibao kwa sekunde mbili, amekwisha kupita urefu wa uwanja wa netiboli na zaidi. Hakuna mshairi aliyewahi kupewa muda mfupi namna hiyo na msomaji wake.

Waingereza walilifikiria sana jambo hili. Mbunifu Jock Kinneir na msaidizi wake Margaret Calvert, aliyezaliwa Afrika Kusini, walipewa kazi ya kuandika upya vibao vya nchi nzima, na vibao vyao vikaanza kutumika Januari 1965. Kibao kimoja nimekipenda kuliko vyote, nacho ni kile cha watoto wanaovuka. Cha zamani kilikuwa na mvulana mwenye kofia ya shule akimwongoza msichana. Calvert aliona kuwa kinafanana na watoto wa shule za wenye nafasi, akakibadilisha: msichana ndiye anayemshika mkono mvulana mdogo. Amepata kueleza kuwa yule msichana alimchora kutokana na picha yake mwenyewe ya utotoni. Nilipomsimulia mjukuu wangu hayo, akauliza kwa nini watoto wa kwenye vibao daima ni wawili na sisi huvuka tukiwa kundi. Sikuwa na jibu, nikamwambia aandike swali hilo.

Mbali na vibao vya serikali, barabara yetu ina vibao ambavyo havikuandikwa na ofisi yoyote. Lori likiharibika njiani, utingo hushuka na panga, akakata matawi mabichi na kuyapanga juu ya lami kwa umbali fulani nyuma ya lori. Sheria inataka pembetatu inayoakisi mwanga, na ni vizuri iwepo, lakini tawi bichi linaeleweka na kila mtu, pamoja na mpanda baiskeli anayetoka machimbo ya Nyarugusu usiku. Vilevile madereva wanaopishana huwashiana taa kumwarifu mwenzao kwamba mbele yuko trafiki ameshika tochi. Silisifu jambo hilo, kwa maana nia yake si njema. Lakini kama mwalimu wa lugha nakiri kuwa ujumbe wake ni mfupi, haukosewi, na msomaji wake huutii papo hapo. Ningefurahi kama kibao cha 50 kingetiiwa hivyo.

Hayo ni ya fani. Kwenye maudhui ndipo sifa zangu zinapopungua.

Tulipofika Geita, mji ambao mgodi wake wa zamani ulifungwa mwaka 1966 na mkubwa wa sasa ukaanza mwaka 2000, mjukuu wangu alikuwa amekwisha kujaza kurasa kadhaa. Tulipopita Sengerema akaanza kulalamika kuwa fungu moja linajaa na mengine hayajai. Amri na maonyo kwa dereva zilikuwa kila mahali: punguza mwendo, usipite gari jingine, kona kali, matuta mbele, daraja jembamba. Majina ya miji na kilomita zake yalikuwa ya kutosha. Vibao vya watu binafsi, yaani vya shule, makanisa, misikiti na nyumba za kulala wageni, tuliviandika katika fungu lake. Lakini ukurasa nilioutenga kwa vibao vinavyomsemesha mtu anayeishi kando ya barabara ulikuwa mweupe.

Kisha tukafika Busisi. Wenye umri wangu wanaikumbuka Busisi ya kivuko. Ulikuwa unafika, unakuta foleni ya magari, unashuka, unakula samaki au muhindi wa kuchoma, unasikiliza habari za watu wa Sengerema na wa Misungwi, na kama una bahati mbaya unalala. Wagonjwa walichelewa pale. Mama wajawazito walisubiri pale. Kwa hiyo mtu asinielewe vibaya: daraja hili la kilomita tatu hivi, lenye jina la Rais John Magufuli, ni neema, na mimi nililivuka nikiwa nimevua kofia. Tulilipita kwa dakika chache. Upande wa Kigongo niligeuka kutazama mahali tulipokuwa tukinunulia samaki, basi likawa limekwisha kupita. Wale akina mama waliokuwa wakituuzia wako wapi sasa, sikuona kibao kilichonieleza, wala wao sikuona kibao kilichowaeleza wafanye nini.

Hapo ndipo swali la pili la uhakiki, anamwambia nani, liliponishika. Barabara inamsemesha mpitaji. Kwake ina adabu, ina uangalifu, inamwambia mapema mara mbili na tatu. Mkaaji, yule anayelala, kulima na kuzaa kando yake, haisemi naye. Na nilipotafakari vizuri usiku ule Mwanza, katika chumba cha nyumba ya wageni, nikakumbuka kuwa si kweli kabisa. Kuna neno moja ambalo barabara humwandikia mkaaji. Neno hilo ni X.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa sana. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kupimwa kutoka katikati ya barabara. Ili kuwajulisha wenye nyumba, ukuta huchorwa herufi X kwa rangi. X nyekundu ina maana kuwa nyumba imo ndani ya eneo la zamani la mita 22.5, na mwenyewe anatakiwa kuondoka bila fidia. X ya kijani ina maana kuwa nyumba imo ndani ya zile mita 7.5 zilizoongezwa na ilikuwepo kabla ya sheria, kwa hiyo mwenyewe atalipwa eneo litakapohitajika. Herufi ni ileile. Rangi ndiyo sarufi yote. Kati ya nyekundu na kijani kuna nyumba nzima ya mtu.

Jirani yangu mmoja ni mjane anayeuza dagaa na mafuta ya taa mbele ya nyumba yake. Miaka kadhaa iliyopita alikuja kwangu asubuhi na mapema.

"Wangaluka, Mwalimu."

"Wangaluka, mama. Kuna nini?"

"Mwalimu, twende ukanisomee ukuta wangu."

Nikamwambia, "Mama, wewe si umemaliza darasa la saba?"

"Kusoma najua, Mwalimu. Ila hii sijui inasomwaje."

Nilikwenda. X ilikuwa nyekundu, imechorwa kwa haraka, mguu mmoja umepita juu ya dirisha. Hapakuwa na tarehe, hapakuwa na jina la aliyeichora, hapakuwa na kipimo, wala mahali pa kuuliza. Alikuwa sokoni Katoro walipofika, na watoto walisema ni vijana wawili waliokuwa na kopo la rangi. Nilimweleza maana yake kama nilivyoijua. Aliketi juu ya gunia la chumvi akanyamaza.

Naomba nikiri jambo hapa. Maisha yangu yote ya kazi nimeandika X kwa wino mwekundu. Nimeandika maelfu. Lakini nilipokwenda kuwakagua wanachuo wangu katika mazoezi ya kufundisha, jambo ambalo sikulisamehe ni mwalimu kuweka X katika daftari la mtoto na kuliacha hivyo. Niliwaambia: X peke yake haifundishi. Andika pembeni kosa liko wapi, na mtoto afanye nini. Mtoto akirudishiwa daftari lenye X tupu hajui kama amekosea jibu, amekosea njia, au ni wewe mwalimu uliyekosea kusahihisha.

Kwa sababu mwalimu naye hukosea. Kesho yake alfajiri, kabla ya magari kuwa mengi, nilichukua futi kamba na mtoto wangu mmoja tukapima kutoka katikati ya lami hadi ukuta wa yule mama. Tulipata mita 26. Tukarudia, tukapata mita 26. Alikuwa na karatasi ya mauziano ya kiwanja ya mwaka 1999, yenye muhuri wa serikali ya kijiji. Kwa sheria ilivyo, nyumba yake ilistahili kijani. Niliandika barua, nikaambatanisha nakala ya ile karatasi, nikaipeleka mwenyewe. Nilizungushwa kidogo, kama kawaida ya barua. Baada ya miezi miwili vijana walirudi, wakapaka kijani juu ya nyekundu. Hawakusema samahani, wala hawakuandika lolote. Mpaka leo ukiutazama ukuta ule jua linapotua, ile nyekundu inachungulia chini ya kijani, na mama anasema kila mgeni anayefika humuuliza ni ipi inayosema kweli.

Nimemsimulia habari hii kijana mmoja niliyemfundisha, ambaye baadaye aliacha ualimu akaingia katika kazi za ujenzi wa barabara. Ni kijana msikivu. Alinijibu hivi: "Mwalimu, shikamoo tena, lakini barabara si gazeti. Hifadhi ipo ili dereva aone mbali, ili maji na umeme vipate pa kupita, na ili kesho tukitaka kupanua tusibomoe mji mzima. Kibao chenye maneno mengi kinaua." Yote aliyosema ni kweli, na kuhusu dereva nakubaliana naye mia kwa mia. Dereva ana sekunde mbili. Lakini mwenye nyumba ana miaka. Kumwandikia mtu mwenye miaka ya kusoma kwa lugha ya mtu mwenye sekunde mbili ni kosa la kutotambua hadhira, na katika darasa langu kosa hilo lilikuwa likipunguza alama nyingi.

Kuna kibao kimoja zaidi sina budi kukitaja, kwa sababu kilinifundisha mimi mwenyewe. Katika moja ya safari zangu za awali, kwenye kijiji kimoja cha njia hii karibu na shule, niliona bati la pipa lililonyooshwa na kupigiliwa kwenye mti. Liliandikwa kwa mkono: DEREVA PUGUZA MWEDO HAPA WATOTO WETU WANAVUKA. Bila shaka uliona kosa lile pale pale, kama mimi. Nilirudi wiki iliyofuata na kopo dogo la rangi na brashi ili niongeze zile N mbili zilizokosekana. Nilikuta mzee mmoja chini ya mti, tukasalimiana, nikamweleza nilichokuja kufanya. Hakunikatalia. Aliniambia tu kwamba aliyeandika bati lile ni baba wa mtoto aliyegongwa na lori pale, na kwamba aliliandika siku ya tatu baada ya mazishi. Nilirudisha brashi nyumbani ikiwa kavu.

Lihakiki bati lile kwa maswali yangu manne. Nani ametunga? Anajitaja katika neno "wetu". Anamwambia nani? Dereva, amemwita kwa cheo chake. Anasema nini? Punguza mwendo. Kwa nini? Watoto wanavuka. Kila kitu kimo katika maneno saba, na makosa mawili ya tahajia hayakuondoa hata kimoja. Pembetatu ya serikali yenye picha ya watoto inamwambia dereva kuwa kuna watoto. Bati lile linamwambia ni watoto wa nani. Mkaaji, ambaye barabara haikuwahi kumwandikia sentensi kamili, aliiandikia barabara sentensi kamili.

Kwa hiyo hukumu yangu kama mhakiki ni hii. Maandishi ya barabara zetu yana fani nzuri na maudhui yenye upungufu, na upungufu wenyewe ni kwamba yamesahau nusu ya wasomaji wake. Dawa yake haihitaji mkopo wa benki wala mkandarasi kutoka nje. Pembeni ya kila X ibandikwe karatasi, au apewe mwenye nyumba mkononi, yenye mambo manne: umbali uliopimwa, tarehe, sababu, na ofisi ya kwenda kuuliza pamoja na siku ya mwisho ya kuuliza. Mambo manne tu. Nilikuwa nikidai zaidi ya hayo kwa mwanachuo wa mwaka wa kwanza aliyemkosesha mtoto hesabu ya kujumlisha.

Siku ya pili tulirudi. Mvua ilinyesha kuanzia Sengerema, na mjukuu wangu alilala mpaka Geita. Tulipoteremka Buseresere ilikuwa karibu magharibi. Tulipita mbele ya nyumba ya yule mama. Alikuwa anafunika dagaa wake kwa nailoni. Mtoto alisimama akautazama ukuta, kisha akafungua daftari.

"Babu, hii naiandika fungu gani? Onyo, amri, au maelezo?"

Nikamwambia aiandike kwenye ukurasa wa wakaaji.

"Ukurasa ule hauna kitu, Babu."

"Basi anzia hapo," nikamwambia. "Andika na mita zake."